Maswali ya Wasomaji: Tuko watatu, wote madizaina, tunataka kufanya kazi pamoja

Shikamoo anti. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nasoma grafiki dizaini hapa Arusha, nimepanga Sakina. Mwaka huu natakiwa kufanya utafiti wa kumalizia chuo na mada niliyochagua ni jinsi madizaina wa kujitegemea, yaani mafrilansa, wanavyoshirikiana kwenye kazi, kwasababu nikimaliza sitaki kuzunguka na bahasha ya vyeti, nataka nianze frilansi na wenzangu wawili tunaosoma nao, wote wanajua Illustrator na Photoshop, zile programu za kuchorea na kutengenezea picha, vizuri sana. Nilichopanga ni kutengeneza fomu ya maswali ya Google niitupe kwenye magrupu ya WhatsApp nipate majibu 200, halafu kwa majibu hayohayo tujue bei za soko tuanzishe kampuni. Jina tumeshachagua na logo tumeshachora. Sasa msimamizi wangu ameirudisha proposali mara mbili anasema haina mwili. Na mwenzangu mmoja ameanza kusema chochote kitakachoingia tugawane sawa kwa sawa, mwingine kanyamaza tu. Naomba ushauri anti, utafiti niufanyeje ili unisaidie na mtaani, na huku kushirikiana tukupangeje tusije tukagombana?
*Mwanafunzi, Sakina, Arusha*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na imenifurahisha, maana wengi wanaoniandikia wanauliza programu gani iko juu sasa hivi, we umeuliza habari za watu, na huko ndiko kazi zetu nyingi zinakofia.

Nianze na utafiti. Hiyo fomu iweke pembeni kwanza. Ukiitupa kwenye magrupu watakaoijaza ni wanafunzi wenzako, na mtu akiulizwa kama yuko tayari kumlipa dizaina laki tatu kwa logo atabonyeza ndio kwasababu kubonyeza hakumtoi hata shilingi. Utakusanya ndio 200 halafu ukitoka mtaani humpati hata mmoja. Muulize mtu kitu ambacho kimeshatokea. Mara ya mwisho ulitengenezesha nini, nani alikufanyia, ulimpata kupitia kwa nani, ulilipa shilingi ngapi na ulilipa lini, na nini kilikukera. Maswali matano tu hayo. Mtu akianza kukumbuka anaongea mwenyewe, we unaandika, na huo ndio mwili ambao msimamizi wako anautafuta.

Anzia kwenye maduka ya printi, yale ya mjini kati karibu na Mnara wa Saa na Barabara ya Sokoine, kwasababu pale kazi za kila mtu zinapita, ya dizaina mkubwa na ya kijana aliyechora kwenye simu. Omba ukae nusu siku. Utaona wateja wanaingia na nini, wanalalamika nini, na utamuona yule kijana wa kwenye kompyuta anayerekebisha mafaili ya watu bila kulipwa ziada, huyo anajua soko la Arusha kuliko mimi. Beba barua ya chuo ya kukutambulisha, na kama unarekodi kwa simu omba ruhusa kabla ya kubonyeza, na kwenye ripoti usiandike jina la mtu wala la duka.

Halafu nenda kwa watu wa utalii. Ukisimama barabarani hapa mjini dakika kumi unaona Land Cruiser ngapi? Kila moja ina stika mlangoni na kava la tairi la spea nyuma lenye logo na namba ya simu, na yote hayo kuna mtu aliyachora akalipwa, au hakulipwa. Ila angalia msimu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mwenye kampuni humpati, yuko uwanja wa ndege au yuko porini. Nenda Aprili, masika, magari yako gereji na yeye yuko ofisini anapiga hesabu, atakupa chai na saa nzima. Maonesho ya utalii ya KiliFair huwa Juni mwanzoni, kwahiyo Mei ndio kila mtu anakumbuka kwamba brosha zake zina namba ya zamani na bei za mwaka juzi. Hiyo nakuambia kwa ajili ya utafiti na kwa ajili ya tumbo lako pia, kwasababu Aprili watu wa utalii wana muda ila hela hawana, na kazi utakayoipata Aprili uipange malipo yake ukijua hivyo.

Na kundi la tatu, hili usiliruke hata kama utachoka, ni madizaina waliowahi kushirikiana wakaachana. Muhoji kila mmoja peke yake. Wakiwa pamoja wataongea vizuri tu kama ndugu kwenye msiba, ukiwa na mmoja mmoja ndio utasikia kwamba huyu alikuwa anapokea simu za wateja usiku na mwenzie anaona anatafuta sifa. Mada yako ni kushirikiana, sasa usipojua kunavunjikia wapi utaandika nini?

Idadi isikutishe. Watu 12 mpaka 15 waliokaa na wewe dakika arobaini arobaini ni utafiti mzito, na ukiona majibu yameanza kujirudia ujue umefika. Hapo sasa ndio urudi kwenye fomu yako, uitumie kuhesabu yale uliyoyasikia, uone kama na wengine yanawakuta. Fomu ije mwisho.

Sasa tuje kwenye ninyi watatu. Unasema wote mnajua Illustrator na Photoshop vizuri sana. Mwanangu hapo ndipo penye shida na sitaki nikufiche. Chukua kanga ya mama yako uitandaze kitandani. Kuna pindo limezunguka pembeni, kuna mji pale katikati, na kuna jina, yale maneno. Ukichukua mapindo matatu ukayashona pamoja hujapata kanga. Ninyi ni mapindo matatu. Mteja akitaka logo, mmoja anatosha, wawili watakuwa wanamwangalia mgongoni. Akitaka brosha ya safari, nani anaandika Kiingereza ambacho mgeni atakisoma bila kukunja uso? Nani anapiga picha? Nani anamtengenezea tovuti? Nani anapanda daladala kwenda printi kusimamia rangi? Nani anapiga simu ya kudai hela bila kuogopa? Hayo yote mtaenda kutafuta nje na kulipa, na ninyi watatu mtagombania kipande kimoja kinachobaki.

Kuna studio moja Uingereza inaitwa Pentagram, nina hakika darasani mmeshaitaja. Ilianzishwa London mwaka 1972 na watu watano. Alan Fletcher, Colin Forbes na Mervyn Kurlansky walikuwa watu wa grafiki, ila Theo Crosby alikuwa msanifu majengo na Kenneth Grange alikuwa mbunifu wa bidhaa, vitu vya kushika. Mteja akija anataka logo, ofisi na bidhaa yenyewe, vyote anavikuta chini ya paa moja. Na mpaka leo kila mbia pale ana timu yake na wateja wake, ila jina, ofisi na gharama wanachangia, na faida wanagawana sawa. Soma vizuri walivyojipanga, uweke kwenye sura ya pili ya utafiti wako, itakaa vizuri sana.

Kwahiyo huyo mwenzio anayesema sawa kwa sawa hajakosea moja kwa moja, wapo wanaofanya hivyo na inaenda. Ila wale wanagawana sawa kwasababu kila mmoja analeta kazi nzito ya kwake. Ninyi bado hamjajuana kikazi, darasani mmejuana kwa maksi tu. Mi ningeanza kwa kugawana kwa kazi aliyofanya mtu, mwaka mmoja, halafu mkae tena. Tuseme imekuja kazi ya laki sita, brosha pamoja na kuprinti. Printi laki mbili, hiyo sio hela yenu, itoeni kwanza. Imebaki laki nne. Asilimia kumi, elfu arobaini, iende kwenye mfuko wenu wa bando na mambo ya pamoja. Asilimia kumi nyingine apewe aliyeileta kazi, hata kama hakugusa mausi, kwasababu bila yeye hamna kazi. Imebaki laki tatu na ishirini, dizaina laki na sitini, mpiga picha laki moja, mwandishi elfu sitini. Namba mnaweza kubadilisha mnavyotaka, ila muziandike kabla mteja hajatuma hata mia, kwasababu hela ikishaingia kwenye simu ya mtu mmoja kila mtu anakuwa na hesabu yake kichwani.

Na mteja akitaka kuanza atoe nusu. Kwenye mfano wetu nusu ni laki tatu, inalipa printi na nauli na mpiga picha wako anakula. Mafaili yenyewe mteja anapewa akishamaliza kulipa, kabla ya hapo mtumie picha ndogo yenye maandishi juu yake. Marekebisho muyahesabu, mawili au matatu ndani ya bei, yanayozidi hapo yanalipiwa. Wenyewe wanafunzi mnaona aibu kusema hivyo, mnaogopa mteja atakimbia. Anayekimbia kwa kuombwa nusu ndiye yuleyule atakayekuzungusha njoo kesho miezi mitatu.

Ngoja nikusimulie yangu. 2011 tulikuwa watatu kama ninyi, tumepanga chumba kimoja Kaloleni, kompyuta mbili na feni moja. Tukapata kazi ya kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani, logo, brosha, fulana za wapagazi, kila kitu. Tulifurahi mpaka tulilia. Mafaili yote yakawa kwenye diski ya mwenzetu mmoja kwasababu ndiye alikuwa na diski. Akapata ajira Mwanza, akaaga vizuri tu, tukamsindikiza stendi. Miezi mitano baadae mteja anataka kubadilisha namba ya simu kwenye brosha, siku mbili tu za kufanya, tunapiga simu Mwanza, diski imeanguka haisomi. Usiku kucha tulichora upya tukiwa tumeishika brosha ya karatasi mkononi, kijani hakikutoka kilekile, fonti ya kichwa, yaani aina ya herufi, hatukukumbuka ni ipi. Mteja akaona, akachukua kazi akaondoka. Na sisi wawili tukamchukia yule mwenzetu miaka, aise, miaka, wakati hakuna siku tuliyokaa tukasema mafaili yatunzwe wapi na nakala iwe kwa nani. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, sio ile kazi, ni yule rafiki.

Ndio maana nakuomba huyo mwenzio aliyenyamaza usimpite. Huyo ndio ananitia wasiwasi kuliko anayeongea. Mchukue mkanywe soda mahali, muulize anataka nini haswa, labda anataka ajira, labda kwao wanamtegemea kila mwezi na frilansi haina mshahara wa mwezi. Akikuambia ukweli sasa hivi mtabaki marafiki.

Karatasi yenu ya makubaliano iwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, msaini wote watatu. Nani anaongea na mteja. Hela inaingia wapi. Mafaili yanakaa wapi na nakala mbili ziko kwa nani. Mtu akitaka kutoka anatoa taarifa muda gani na kazi zilizo katikati zinaishaje. Kila mtu aruhusiwe kuweka kazi kwenye potifolio yake, yaani mkusanyiko wa kazi zake za kuonesha wateja, ila aseme alifanya kipande gani. Na haki ya kazi ni ya nani, kati yenu na kati yenu na mteja. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi yake ni COSOTA, michoro imo humo, na kazi mliyochora wawili kwa pamoja ni yenu wawili, kwahiyo andikeni mapema ni lini inahamia kwa mteja. Mi naandika hivi, inahamia akimaliza kulipa. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa grafiki kama wewe, Portland kule Marekani, mwaka 1971 akachora ile alama ya Nike kwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimkumbuka ikampa hisa, walifanya uungwana, ila ilipita miaka 12 mpaka wamkumbuke, na wateja wengi hawakumbuki.

Kampuni msiianzishe leo. Kusajili jina la biashara BRELA, wale wanaosajili biashara na makampuni, kunatosha kuanzia, na kila mmoja achukue TIN yake, namba ya mlipakodi, TRA, ni bure. Mkianza kufanya na makampuni mnaweza kukuta malipo yamekatwa asilimia 5, hiyo ni kodi ya zuio, hamjaibiwa, ila dai cheti chake ukitunze. Na kama mnataka kujaribu wateja wa nje, Fiverr, ule mtandao wa kuuzia kazi za frilansi, wanachukua asilimia 20 ya unachouza, iingize kwenye bei toka mwanzo.

Ukimaliza utafiti niletee, natamani kuusoma.

Anti mambo, mi niko Pasua Moshi, nasoma dizaini cheti, laptopu yangu ni ya zamani na Corel niliyonayo, programu ya kuchorea, ni ya kukraki, yaani haijalipiwa, inajizima katikati ya kazi. Rafiki zangu wananiambia bila programu za Adobe, hizo Illustrator na Photoshop, sitopata kazi ya kushirikiana na watu. Kweli?
*Dogo wa Pasua*

Poa mwanangu. Sio kweli. Chukua Inkscape kwa logo na michoro ya vekta, ile unayoweza kuikuza bila kuharibika, GIMP au Krita kwa picha, Scribus kwa brosha za kurasa nyingi, zote ni bure kabisa na ni halali, na Inkscape haihitaji mashine kubwa. Anayeshirikiana na wewe anataka faili linalofunguka kwake, kwahiyo tuma PDF, au SVG ambayo ni faili la vekta, na mkubaliane hilo mapema. Hiyo ya kukraki itoe, nyingi zinakuja na virusi, na siku utakayompelekea mteja flashi yenye virusi hatokurudia. Halafu Moshi hapo una bahati ambayo huioni, kahawa. Tembea madukani angalia pakiti za kahawa za watu wadogo wadogo, nyingi zina stika tu imebandikwa kwenye mfuko. Chagua moja, ichore upya kama zoezi, nenda umuoneshe mwenyewe. Na kuanzia Desemba anza kutafuta watu wa fulana, Kilimanjaro Marathon ikikaribia vikundi vyote vinataka fulana za kwao.

Habari dada. Mi nina mashine za kuprinti hapa Moshi mjini miaka mingi. Hawa wanafunzi wa dizaini wananitesa. Mtu anakuja na picha aliyotumiwa WhatsApp anataka benaa ya mita tatu, ikitoka ina ukungu anasema mashine yangu mbovu mbele ya mteja wake. Vyuoni wanafundishwa nini?
*Mwenye mashine, Moshi*

Nzuri Mangi, pole sana. Una haki ya kulalamika, na nawaandikia wao hapahapa wasome. Picha ya mtandaoni ya upana wa pikseli 1080, vile vidoti vinavyounda picha, ukiiprinti kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi inafika sentimita 9 hivi, zaidi ya hapo unaanza kuvuta. A4 moja inataka pikseli 2480 kwa 3508. Benaa inasomwa kwa mbali kwahiyo 100 kwa inchi inatosha, ila 100 ya ukubwa wake halisi. Logo iwe vekta, hiyo unaikuza mpaka ukubwa wa basi haipotei. Rangi ziwe CMYK, yaani rangi nne za wino wa printi, maana ile bluu kali inayowaka kwenye skrini karatasi haiiwezi na mteja atakulaumu wewe. Acheni milimita 3 za kukatia kila upande. Fonti zigeuzwe kuwa michoro kabla ya kutuma, la sivyo kompyuta ya printi inaweka fonti yake. Na WhatsApp ukituma kama picha inabanwa, tuma kama dokumenti.

Ila Mangi na wewe nikuombe kitu. Hayo yote hakuna anayeyaelewa kwa kuyasoma, mtu anaelewa akiona karatasi yake inatoka mbaya na mtu mzima amesimama pembeni anamwonesha kwanini. Yule binti wa Sakina hapo juu anatafuta mahali pa kukaa nusu siku na daftari, na Arusha kuja Moshi ni asubuhi moja tu. Kama uko tayari niandikie nimpe maelekezo aje siku ambayo kazi zimepoa, saa nane mchana hivi, na nitamwambia aje na faili lake mwenyewe alichapishe hapo mbele yako.